Mwanangu Akamkata Mwanangu

Mnaniuliza kama nimepumzika. Nani amepumzika? Hebu niangalieni hapa Mumbuni. Nakaa kwa kiti, nainuka. Naweka chai, naisahau ikichemka mpaka inazima moto. Nikiwasha redio, kabla taarifa ya kwanza haijaisha nimeshaanza kuijibu. Mtu akisema jambo kwa Kiingereza, kichwa kinaligeuza Kikamba. Akisema kwa Kikamba, kinaligeuza Kiingereza. Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alipanda madhabahuni akarundika "he" juu ya "he", na kijana aliyekuwa akimtafsiria akawa anasema tu "yeye, yeye, yeye", mpaka sikujua aliyefufuliwa ni nani na aliyekuwa analia ni nani. Nilishika benchi kwa mikono miwili nisisimame. Binti yangu akaniangalia, akaninong'oneza, "Mama, tafadhali." Nikakaa. Lakini si kwa kupenda.

Naitwa Syombua. Nilikuwa mkalimani kotini hapa Machakos mpaka nikastaafu. Mawakili waliniita Madam, askari waliniita Mama Koti, na washtakiwa wengine waliniita majina ambayo sitayataja. Nimesikia mmeajiriwa wakalimani wapya, na nimesikia mnakuja na simu za kutafsiri. Karibuni sana. Nyinyi kaeni, mimi nitaongea nikitembea, maana magoti yangu yakitulia yanaganda.

La kwanza mlijue leo, msije mkalijua baadaye mkiwa mmetokwa na jasho. Hakimu haandiki alichosema shahidi. Anaandika ulichosema wewe. Mzee wa watu atoke Yatta asubuhi na mapema, aongee Kikamba chake safi na mifano ya ng'ombe na mvua, na kwenye faili kiingie Kiingereza chako wewe, Syombua wa mtu fulani, uliyelala vibaya jana. Rufaa ikienda mbele, majaji watasoma wewe. Yule mzee hatakuwa hapo kusema "sikusema hivyo."

Na watu hudhani taabu ya kazi hii ni maneno makubwa. Wapi! Maneno makubwa yako kwenye kamusi, ukikwama unaomba nafasi unauliza. Taabu iko kwa vile vineno vidogo: he, she, only, then, and, but. Walimu wanaviita viwakilishi, vielezi na viunganishi. Ukimaliza shule unasahau majina hayo na kushukuru Mungu. Mimi nilimaliza shule nikashukuru, kisha nikaajiriwa kotini nikavikuta vinaningoja mlangoni.

Aliyenifundisha ni Mzee Wambua. Mtu mfupi, koti moja la kijivu mwaka mzima, sauti utadhani amemeza kengele. Wiki yangu ya kwanza alinikalisha nyuma yake nimsikilize. Kesi ilikuwa ya wizi wa mbuzi. Shahidi akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, "Mbuzi ya Nzioka ilionekana na Musembi hapo kwa mto." Mzee Wambua, bila kupumua, akasema kwa Kiingereza kwamba mbuzi "was seen with Musembi."

Sasa, huyo Musembi hakuwa mshtakiwa. Alikuwa shahidi! Alikuwa amekaa benchi ya pili amevaa suti ya kanisa, amekuja kusaidia serikali. Ndiye aliyemwona mbuzi. Aliposikia jina lake limetajwa na Kizungu kimefuata, akatabasamu, akawapungia watu mkono. Askari wakaangaliana. Mmoja akaenda pole pole akasimama mlangoni. Mwingine akasogea nyuma ya Musembi. Musembi naye akampisha akae, akadhani anatafuta nafasi.

Mzee Wambua alisikia kimya kilivyobadilika, akageuka, akaona. "Mheshimiwa, naomba kurekebisha. Not with. By." Koti lote likacheka isipokuwa Musembi, aliyekuwa bado anatabasamu.

Tulipokuwa kwa kibanda tukinywa chai nikamwambia, "Mzee, kumbe hata wewe unakosea." Hakuona aibu hata kidogo. Akasema, "Syombua, hiyo 'na' yetu ni mlango mmoja wa nyumba tatu. Kuna 'and', kuna 'with', kuna 'by'. Usiingie kabla ya kubisha. Muulize shahidi: alionwa naye, ama walionekana pamoja? Hakimu atakasirika unachelewesha. Muache akasirike." Akaongeza mandazi mawili, akanifanya nilipe.

Mkifika hapo mtakutana na "tu". Lo, "tu"! Kwa Kiswahili inakaa nyuma ya sentensi, imetulia, haimsumbui mtu. "Nilimsukuma tu." Sote tunaelewa: sikumpiga, sikumuumiza, nilimsukuma basi. Ukiipeleka kwa Kiingereza inakuwa "only", na "only" haijui kukaa nyuma. Inataka kukaa karibu na mtu, na yule inayekaa karibu naye ndiye anayebeba mzigo. Tulikuwa na kijana mmoja tunamfundisha kazi, mchangamfu, Kiingereza chake cha shule nzuri. Wakaletwa vijana wanne waliopigana na bawabu wa baa. Wa kwanza akajitetea, "Mimi nilimsukuma tu." Mkalimani wetu akasimama akasema kwa sauti, "Only me I pushed him."

Wale watatu wengine walikuwa wanajua Kiingereza. Mngewaona! Mmoja alifunga macho akashukuru Mungu. Mwingine akaanza kufunga vifungo vya shati, tayari kwenda nyumbani. Na huyu wa kwanza anatuuliza, "Nimesema nini? Nimesema nini?" Ilibidi nisimame. Mheshimiwa, alichosema ni "I only pushed him." Wale watatu wakaketi tena. Kijana wetu aliacha kazi mwaka huo akaenda Syokimau, sasa anauza nyumba, na nasikia anafanya vizuri.

Halafu kuna hii "-ka-" yetu. Alikuja akanitukana nikamsukuma. Tamu! Inateremka kama maji. Kwa Kiingereza utaiitaje? Ukisema "then", umesema saa: alitukana, baadaye nikasukuma. Ukisema "so", umesema sababu: nilimsukuma kwa sababu alinitukana. Shahidi hakusema saa wala sababu, amesimulia tu. Nyinyi vijana mna huruma, mtataka kumwekea "so" yule mnayempenda na "then" yule mwenye uso mbaya. Nawajua, nami nilikuwa kijana. Mzee Wambua alisema sema "and". Hakimu akitaka sababu, ana mdomo, aulize.

Ngoja nifungue dirisha. Humu ndani kuna joto.

Kuna jambo lingine la kuzoea, nalo litawachekesha mwanzoni. Mkalimani hasemi "anasema kwamba aliiba." Anasema "niliiba." Unachukua "mimi" ya mtu unaivaa. Kwa "mimi" hiyo nimekiri wizi wa kuku, ulevi, kuuza pombe ya kangara, na siku moja mbele ya mke wa mchungaji wetu, aliyekuja kwa kesi ya shamba akaingia chumba ambacho sicho, nilisema kwa Kiingereza safi kwamba nimeoa wake wawili na wa tatu yuko njiani. Mama wa watu alitoka mbio. Jumapili nilipoingia kanisani, wamama wa benchi ya mbele walinisalimia kwa ncha za vidole.

Lakini hayo yote ni maneno ya kuchekesha, na mimi sikuanza kuongea ili niwachekeshe. Kuna kesi moja ambayo inaniinua kwa kiti mpaka leo. Nataka muisikie kabla hamjasimama pale mbele na simu zenu.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho. Mshtakiwa alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa Masii, Mueni. Ndoa yake ilivunjika akarudi kwa mamake na watoto wake wadogo, akapewa mtaro wa chini, kipande kimoja cha shamba, apande ndengu. Ndugu yake Kioko hakutaka. Alisema msichana akishaolewa hana shamba nyumbani. Wakagombana hapo hapo kwenye ndengu, panga ikachukuliwa, na Kioko akakatwa mkono, vibaya, vidole vikapoteza nguvu. Mueni akashtakiwa kwa kudhuru mwili. Mnajua hilo shtaka, si la kucheza nalo. Alikuwa rumande tangu siku aliyoshikwa, watoto wakilala na nyanya yao.

Kioko alitoa ushahidi wake kwanza. Alisema, kwa ufupi, nilikuwa nimesimama, Mueni akanikata. Basi. Hakusema kingine, na mkono ulikuwa umefungwa bandeji hapo mbele ya kila mtu.

Aliyebaki ni shahidi mmoja, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwepo. Mama yao.

Nilimwapisha kwa Kikamba. Mwanamke mwembamba, leso kichwani, viatu amevipiga brashi. Kiongozi wa mashtaka alikuwa kijana mpya, mkali, wa suti ya kubana, Kikamba hajui hata cha kusalimia. Akamwambia aeleze alichoona.

Yule mama akasema hivi, nami nawapa kwa Kiswahili kama ilivyokuwa: "Mwanangu alimwambia mwanangu atoke shambani. Mwanangu akakataa. Mwanangu akamsukuma mwanangu, akaanguka. Mwanangu akachukua panga, akamkata mwanangu."

Halafu akashika leso.

Mnaona alichofanya? Kwa Kikamba, kama kwa Kiswahili, mwana ni mwana, msichana ama mvulana. Na "a-" ni "a-", hatuna "he" wala "she". Alikuwa amepata pango katika lugha yake mwenyewe, ameingia na watoto wake wote wawili, akafunga. Hakutaja jina la Mueni. Hakutaja jina la Kioko. Na pale katikati kulikuwa na neno ambalo Kioko alilificha: kuna mtu alisukumwa kwanza. Ni nani? Kama aliyesukumwa ni Mueni, ni kesi moja. Kama aliyesukuma ni Mueni na bado akashika panga, ni kesi nyingine, ya miaka mingi.

Nikasema kwa Kiingereza: "My child told my child to leave the shamba. My child refused. My child pushed my child, and my child fell. My child took the panga, and cut my child."

Pale penye "akaanguka" nilitamani kusimama nifikirie, lakini Kiingereza hakiwezi kusema mtu ameanguka bila kukupa mtu. Nikampa "my child" tena. Ndiyo ilikuwa njia peke yake ya kutosema uongo.

Hakimu akainua kichwa. "Which child?"

Kiongozi wa mashtaka akasimama. "Mheshimiwa, mkalimani atuambie, he or she?"

"Mheshimiwa," nikasema, "shahidi hakusema."

"Amesema sentensi nzima! Lazima kulikuwa na he or she!"

"Mheshimiwa, kwa Kikamba haiko."

Akaniangalia hivi, juu mpaka chini. "Mheshimiwa, huyu mkalimani ni wa kabila moja na shahidi. Anamfichia." Kisha akamuuliza askari wa koti maneno hayo yangekuwa nini kwa Kiswahili, akatoa simu yake akaandika, *mwanangu alimkata mwanangu*, akasoma kwa ushindi: "My son cut my son!"

Akasita. Akasoma tena kimoyomoyo.

Hakimu akasema, "Kwa hiyo aliyekata ni mwanamume, nasi tumemshtaki mwanamke? Weka simu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshikwa na hasira za kuitwa mwongo baada ya maisha yangu yote kwa kazi ile. Na nyinyi mnaokuja na hizo simu, mjiulize: nani aliiambia kwamba anayekata ni mwanamume? Ilichagua tu. Mtu hakusema, nayo ikasema.

Nikaagizwa nimuulize mama: ni mtoto gani alisukuma, na ni mtoto gani alikata? Nikauliza. Akajibu, "Mwanangu."

"Taja jina lake."

"Nimesema ni mwanangu."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba ameapa, na shahidi anayekataa kujibu anaweza kuwekwa ndani. Nikamtafsiria neno kwa neno. Yule mama hata hakuinua sauti. "Wanichukue," akasema. "Nilizaa wawili. Kwa mdomo wangu hakuna jina la mmoja wao litatoka." Nikasema hiyo kwa Kiingereza. Askari wa kike akaangalia chini. Hakimu akavua miwani, akamwita mmoja wa askari wa selo.

Hapo ndipo Mueni alisimama kizimbani. Hakusema Kikamba. Hakusema Kiswahili. Alisema kwa Kiingereza chake cha darasa la nane:

"Me I cut him. Leave my mother. Me I cut him."

Watu hucheka hiyo "me I" yetu. Wasomi wanasema ni Kiingereza kibovu. Sawa, ni kibovu. Ni "mimi nili-" yetu imevuka na mizigo yote, mtu mmoja ametajwa mara mbili ili kusibaki wasiwasi. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Na mimi nilielewa kwa nini amechagua Kiingereza: alitaka koti lisikie na mamake asisikie.

Lakini mama si mjinga, aliona nyuso. Akanivuta mkono wa nguo. "Amesema nini? Nieleze. Amesema nini?"

Nikamwangalia hakimu. Nilitamani aseme hapana. Akasema, "Mwambie. Ana haki ya kujua."

Kwa hiyo nikageuka nikamtazama yule mama, na kwa sababu kazi ndivyo ilivyo, sikusema "binti yako anasema." Nilisema kwa Kikamba, nikiwa nimesimama mbele yake, "Ni mimi nilimkata. Muachilieni mama yangu."

Alinitazama machoni. Kisha akaweka kiganja chake kwenye shavu langu, mimi, mbele ya koti zima, akasema, "Basi nyamaza, mwanangu. Nyamaza."

"Shahidi amesema nini?" hakimu akauliza.

"Then be quiet, my child," nikasema. Sauti ilikuwa imenitoka ovyo, si ya kazi.

"Anamwambia nani?"

"Mheshimiwa, sijui." Na kweli sikujua.

Hakimu akamgeukia Mueni. Akamwambia hana lazima ya kusema lolote, akamuuliza kama anataka kubadilisha jibu lake la kwanza, la kukana. Mueni akasema ndiyo. Shtaka likasomwa upya, lote, nikalitafsiri. Mueni akasema, "Ni ukweli."

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Mtu akisema "ni ukweli" na akaishia hapo, amejifunga. Lakini akisema "ni ukweli, lakini", lakini alinisukuma, lakini nilikuwa najiokoa, basi huyo hajakiri, hakimu anatakiwa kuandika amekana na kesi iendelee. Neno moja la kiunganishi. Na huwezi kumpa. Huwezi kumkonyeza, huwezi kukohoa. Nilisimama pale namwomba kimoyomoyo, sema lakini, Mueni, sema lakini. Yeye anamwangalia mamake tu. Alitaka iishe mamake aende nyumbani kwa watoto. Hakimu akangoja. Akauliza, "Ni hayo tu?"

Mueni akaitikia kwa kichwa. Hakimu akachukua kalamu.

"Lakini mimi ndiye nilimsukuma."

Ilitoka kwenye mabenchi, kwa Kikamba. Kioko alikuwa amesimama, ameushika mkono wa bandeji kwa ule mzima. Askari akamwambia akae. Hakukaa. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. "Nilimsukuma akaanguka kwenye mawe ya mtaro. Nilikuwa namrudia nimpige. Lakini mimi ndiye nilianza."

Kiongozi wa mashtaka akaruka, Mheshimiwa, huyu si zamu yake! Hakimu akamwinulia mkono anyamaze, akanitazama. "Amesema nini?"

Nikasema, "But I am the one who pushed her." Na ile "her" ilikuwa ya kwanza kutoka mdomoni mwangu asubuhi ile yote. Safari hii niliruhusiwa, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama nikamwona ni nani na anamsema nani.

Kalamu ikarudi mezani.

Kesi haikuisha siku hiyo. Kesi haziishi hivyo, msidanganywe na televisheni. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa amekana, akamwachilia Mueni kwa dhamana yake mwenyewe, akaiambia familia ikae chini na wazee na watu wa kanisa. Walikaa mara nyingi, nikasikia mpaka wakatupiana viti. Mwishowe Kioko alirudi kuomba kesi iondolewe, akaulizwa maswali mengi kama amelazimishwa, akasema hapana, ikaondolewa. Mkono wake haukupona sawasawa. Mueni bado yuko kwa ule mtaro wa chini. Kiongozi wa mashtaka hakuwahi kuniomba msamaha, na mimi sikumngoja.

Mnaniuliza kama nilitaka kusaidia? Nilitaka mpaka meno yakauma. Ningeweza kuweka "she" pale kwenye kuanguka, nani angejua? Koti lote lingenishukuru. Lakini kama ningeiweka, Kioko asingekuwa na la kusimamia, angekaa kwenye benchi lake akanichukia mimi, kisha akaenda nyumbani na ile siri. Sijui. Nimelifikiria nikiosha vyombo, nimelifikiria nikipanda mboga, na kila nikifika mwisho naanza tena. Ndiyo maana nawaambia sijapumzika.

Ila nilitoka nje siku ile kupata hewa, nikawakuta kwenye baraza ya koti, wote watatu, wamesimama hawajui waelekee wapi. Mueni analia bila sauti. Kioko anaangalia viatu vyake. Mama yao alikuwa anafunga leso upya, taratibu, anakaza fundo. Alipomaliza akawaangalia, huyu, kisha huyu, akavuta pumzi.

"Mueni," akasema, "shika kiondo. Kioko, tangulia, uone kama gari ya Masii imejaa."